Kusalimu Amri kwa Japani, 1945, na Mwisho wa Vita kwa Askari wa Usukuma: Mtazamo kutoka Bujora

Mtafiti anayeifunga Vita Kuu ya Pili ya Dunia tarehe 8 Mei 1945, siku ya ushindi barani Ulaya, huwaacha nje askari wengi wa Tanganyika. Siku hiyo vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wananchi waliviita Keya, vilikuwa bado Asia, na adui yao alikuwa Mjapani. Kwao vita vilikwisha mwezi Agosti, na kurejea nyumbani kulikuwa jambo jingine kabisa.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyojumuisha bataliani za 26 na 36 za Tanganyika, ilishuka Bonde la Kabaw katika nusu ya pili ya mwaka 1944, ikiwafuatia Wajapani waliorudi nyuma kutoka Imphal. Ulikuwa msimu wa mvua. Njia ziligeuka tope, chakula kikadondoshwa kwa ndege, na malaria ikawalaza watu ambao risasi haikuwagusa. Kalewa ilitwaliwa tarehe 2 Desemba, mto Chindwin ukavukwa, kisha divisheni ikaondolewa kwenda India. Mnamo Februari 1945 Brigedi ya 28, ambamo ilikuwamo bataliani ya 46 ya Tanganyika, ilipewa kazi ya kumhadaa adui karibu na Seikpyu ili jeshi kuu livuke mto Irrawaddy mahali pengine. Ni kazi isiyoacha jina kubwa vitabuni: kupigana ili adui aangalie upande usio wenyewe. Rangoon ilitwaliwa tarehe 3 Mei.

Matukio ya Agosti yanafahamika. Hiroshima ilipigwa kwa bomu la atomiki tarehe 6, Urusi ya Kisovieti ikatangaza vita tarehe 8, na Nagasaki ikapigwa tarehe 9. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili. Kwa hiyo Afrika ilikuwamo katika ushindi huo kwa njia ambayo wachimbaji wenyewe hawakuambiwa. Tarehe 15 Mfalme Hirohito alilihutubia taifa lake kwa redio bila kulitaja neno la kushindwa. Hati ilitiwa saini tarehe 2 Septemba ndani ya manowari Missouri, na majeshi ya Japani ya Kusini-Mashariki mwa Asia yakasalimu amri Singapore tarehe 12 Septemba.

Kwa Keya waliokuwa India, hati hizo zilimaanisha kwamba hawangerudishwa msituni. Hazikumaanisha meli. Vyombo vilikuwa vichache na waliovihitaji walikuwa wengi. Askari wengi walirejea mwaka 1946. Kwa mujibu wa Mohamed Said, ni katika kambi ya kungojea meli karibu na Bombay, mkesha wa Krismasi 1945, ambako Abdulwahid Sykes na wenzake walijadili kuunda chama cha siasa Tanganyika.

Simulizi hiyo ina uzito, lakini haifai kupanuliwa hadi iwafunike askari wote. Sykes alikuwa mtoto wa mjini Dar es Salaam, aliyekulia katika familia ya wanaharakati. Usukuma ulikuwa na mkondo wake. Upinzani ulioitikisa serikali huko katika miaka ya 1950 ulitokana zaidi na wakulima wa pamba na vyama vyao vya ushirika, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, na chuki dhidi ya kanuni za mifugo na ardhi zilizofuata Mpango wa Maendeleo wa Usukuma wa 1947. Kumtafuta askari wa Burma katika orodha za wanasiasa pekee ni kumtafuta mahali ambapo huenda hakuwahi kusimama.

Hapa ndipo Bujora inapokuwa na faida. Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Québec, yako Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, na yana jengo la vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Katika mashindano ya vyama hivyo mtunzi husifu, hukejeli na kutangaza mambo mapya ili kuwavuta watazamaji upande wake. Mtu aliyerejea kutoka ng'ambo ya bahari alikuwa habari, na habari ilikuwa mtaji wa manju. Kumbukumbu ya kijeshi ya Kiingereza inaweza kueleza bataliani ilikuwa wapi tarehe 15 Agosti. Haiwezi kueleza kijiji kilimpokeaje aliyerudi, wala kilimwimbaje yule asiyerudi.

Chanzo hicho kina udhaifu wake. Wimbo wa mashindano hutungwa kwa msimu, na ukishashinda au kushindwa huweza kuachwa. Pia manju hutia chumvi. Ndiyo kazi yake. Lakini askari aliyekuwa na miaka 20 Japani iliposalimu amri alitimiza miaka 100 mwaka 2025. Wanaoweza kuhojiwa sasa katika vijiji vya Kisesa ni watoto na wajukuu, na wanachokumbuka ni kile walichokisikia kikiimbwa.