Uraia katika Usomaji: Karama Mbele ya Baraza

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Nyerere Machi 1967, ulilitaka darasa la Tanzania limlee raia, si kumwandalia hati ya ajira tu. Somo la Siasa liliubeba mzigo huo hadi miaka ya 1990, lilipoliachia nafasi somo la Uraia baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992. Lakini katika Siasa jibu mara nyingi lilitangulia swali, na adabu ya mwanafunzi ikawa kukariri.

Usomaji wa hadithi ulikuwa na njia nyingine. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Karama ashitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria. Halikaidi baraza, hungoja Waziri Majivuno amalize shitaka, ndipo hujitetea siku baada ya siku, akitaja wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi manufaa wakalipwa kifungo. Msomaji hana budi kuamua ni nani hasa mwenye tabia njema. Kwa kijana wa Segerea, mahali ambapo wengi hupajua kwa gereza lake, swali hilo si la kubuni. Mwishowe mfalme amwachia Karama huru, pamoja na wale sita.