Barakoa ya Barbara Meredith: Kinaya na Starehe katika Zorro's Black Whip (1944)

Wahakiki wa fasihi hawana mazoea ya kukiri kwamba wamestarehe. Kazi ya kiburudani inapowafurahisha, hukimbilia kuitafutia udhuru: ama wataiita kielelezo cha itikadi fulani, ama watadai kwamba waliisoma kwa ajili ya utafiti tu. Makala haya yanaanza na ungamo. Mwandishi ameitazama zaidi ya mara moja filamu ya mfululizo iitwayo Zorro's Black Whip, yaani Mjeledi Mweusi wa Zorro, iliyotolewa na kampuni ya Republic mnamo mwaka wa 1944 chini ya uongozaji wa Spencer Bennet na Wallace Grissell. Kila mara ameifurahia kuliko inavyomstahili mtu anayezijua kasoro zake. Inafaa basi tujiulize starehe hiyo inatoka wapi, na historia ya kazi yenyewe inatuambia nini juu ya starehe hiyo.

Kwanza kisa. Tuko Idaho, Marekani, mwaka wa 1889. Eneo hilo bado halijapata hadhi ya jimbo, na raia wapenda sheria wanataka kura ipigwe ili lijiunge na majimbo mengine. Hammond, mmiliki wa magari ya abiria yanayokokotwa na farasi na mtu wa heshima machoni pa wenzake, ndiye kiongozi wa siri wa genge linaloeneza vitisho. Anajua kwamba sheria ikiingia, biashara yake ya uhalifu itakwisha. Anayempinga ni mpanda farasi avaaye mavazi meusi na kuficha uso, ambaye kumbe ni Randolph Meredith, mwenye gazeti la mji. Randolph anauawa katika sehemu ya kwanza. Dada yake Barbara, hodari wa mjeledi na bastola, anayavaa mavazi ya marehemu na kuendeleza vita. Anasaidiwa na Vic Gordon, wakala wa serikali aliyetumwa kisiri. Sehemu zote ni 12, na nyingi hazizidi robo saa.

Msomaji ataona mara moja kwamba hakuna Zorro katika muhtasari huu. Katika filamu pia hayumo. Zorro alibuniwa na Johnston McCulley mwaka wa 1919 katika hadithi iliyochapishwa kwa mafungu katika jarida la All-Story Weekly, na makao yake ni California ya zamani, mbali na Idaho kwa masafa na kwa wakati. Mwaka uliofuata Douglas Fairbanks alimpeleka kwenye sinema, na mwaka wa 1940 kampuni ya Fox ikamrudisha kwa sura ya Tyrone Power. Republic nayo ilikuwa imekwisha kulitumia jina hilo katika mifululizo ya 1937 na 1939. Jina lilikuwa na soko, na kwa hiyo likabandikwa juu ya kisa cha mwanamke ambaye hana uhusiano wowote na mwenye jina. Kabla mtazamaji hajakiona kitambaa cheusi usoni pa Barbara, tayari amekwisha kufunikwa na jina la mwanamume kwenye tangazo la mlangoni.

Hapa inafaa tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kina neno barakoa, ambalo tangu mwaka wa 2020 kila mtoto wa shule analijua kwa sababu ya maradhi ya korona, lakini ambalo katika pwani yetu lina historia ndefu zaidi. Barakoa ilikuwa vazi la uso la wanawake wa tabaka la juu, hasa wenye asili ya Oman. Sayyida Salme binti Said ameyaeleza mavazi hayo katika kumbukumbu zake za maisha ya Unguja zilizochapishwa mwaka wa 1886. Barakoa ile iliuficha uso lakini ilitangaza mambo mawili waziwazi: kwamba aliyeivaa ni mwanamke, na kwamba ni mwanamke wa cheo. Barakoa ya Barbara inafanya kinyume kabisa. Inaacha sehemu kubwa ya uso wazi, sauti haiibadilishi sana, umbo haliufichi hata kidogo. Lakini kila aionaye huamua kwamba aliyeivaa ni mwanamume. Ya kwanza ilifunika uso na kufichua jinsia, na ya pili inafunika jinsia huku uso ukikaribia kuonekana.

Na hicho ndicho kiini cha starehe tunayoizungumzia. Hakuna mtazamaji, hata awe mtoto wa miaka saba aliyelipia tiketi ya mchana wa Jumamosi, anayeweza kumtazama Linda Stirling katika mavazi yale akadhani ni mwanamume. Hammond na watu wake wanamtazama, wanapigana naye kwa mikono, wanamkimbiza milimani, na hawalioni. Inafika mahali shaka inawajia kwamba huenda Mjeledi Mweusi ni Barbara, nao wanaikataa shaka hiyo kwa hoja yao wenyewe: mtu aliyewashinda kwa shabaha, kwa farasi na kwa ngumi hawezi kuwa mwanamke. Vic Gordon naye wakati mmoja anayavaa mavazi hayo ili kuwaondolea tuhuma, na wanafarijika. Wangependelea kushindwa na mwanamume wasiyemjua kuliko kushindwa na mwanamke wanayemsalimia kila siku barabarani.

Kinaya hiki kingeweza kuchukuliwa kuwa udhaifu wa waandishi, na wahakiki wengi ndivyo wangekichukua: msuko hauaminiki. Mimi naona kwamba wanaotoa hoja hiyo wameitafuta siri mahali sipo. Kinachomficha Barbara ni imani ya maadui zake juu ya uwezo wa mwanamke. Kitambaa ni kisingizio tu. Kadiri kitambaa kinavyoshindwa kuficha, ndivyo imani ile inavyoonekana kuwa upofu. Kama angevalishwa barakoa nene na kupewa sauti nzito, tungekuwa na kisa cha werevu wa Barbara. Jinsi mambo yalivyo, tuna kisa cha ujinga wa Hammond, na ujinga wa mtu mwenye nguvu unachekesha zaidi.

Umbo la mfululizo linalisaidia jambo hili kwa namna ambayo filamu ndefu isingeweza. Kila sehemu inakatwa penye taharuki: gari linaporomoka genge la mlima, nyumba inalipuka, na mtazamaji anarudishwa nyumbani kwa wiki nzima. Wiki ifuatayo anaonyeshwa kwamba mhusika alikwisha kuruka kabla ya mlipuko, jambo ambalo hakuonyeshwa awali. Huu ni ulaghai, na watoto waliujua kuwa ulaghai. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela hawatashangaa. Shahrazadi naye alikata masimulizi yake penye utamu. Tofauti ni kwamba katika taharuki ya Republic hakuna anayeamini kwamba shujaa atakufa. Kinachongojwa hasa ni kule kurudia: kumwona Hammond akikosea tena, kwa uhakika ule ule, mara ya tisa, mara ya kumi. Mfululizo hauwezi kumwacha ajifunze, kwa kuwa akijifunza utakwisha.

Barbara hakuwa wa kwanza. Sinema za mfululizo za Marekani zilianza kwa wanawake: Pearl White aliigiza katika The Perils of Pauline mwaka wa 1914, na The Hazards of Helen, iliyodumu kuanzia mwaka huo huo hadi 1917, ilifikia sehemu 119 huku Helen Holmes na baadaye Helen Gibson wakirukia magari moshi. Baadaye nafasi hiyo ilififia, na Republic ikaifufua kwa Jungle Girl mwaka wa 1941, Perils of Nyoka mwaka wa 1942, na The Tiger Woman mapema mwaka wa 1944, hii ya mwisho ikiwa na Stirling yule yule. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewapeleka wanaume wengi mbali na nyumbani na kuwaingiza wanawake kwa wingi viwandani. Nisingependa kuifanya filamu kuwa kioo cha kiwanda, kwani Republic ilitaka kuuza tiketi na si zaidi. Hata hivyo dada anayevaa nguo za kazi za ndugu aliyeuawa, akaifanya kazi hiyo vizuri bila kusifiwa kwa jina lake, hakuwa mgeni kwa watazamaji wa mwaka ule.

Kuna jina jingine lisilojulikana sana. Matendo mengi ya hatari juu ya farasi yalifanywa na Babe DeFreest, mwigizaji mbadala wa Stirling. Kwa hiyo tunapomfurahia Mjeledi Mweusi akienda mbio, mara nyingi tunamfurahia mwanamke wa pili aliyefichwa na barakoa ile ile, na huyu kitambaa kilimficha kweli.

Tukirudi kwenye Idaho ya historia, kinaya kinakuwa kichungu zaidi, na sidhani waandishi walikikusudia. Barbara anahatarisha maisha yake katika sehemu 12 ili kura ya jimbo ipigwe kwa amani. Katika Idaho ya 1889 mwanamke hakuwa na haki ya kuipiga kura hiyo. Mwaka huo huo mkutano wa katiba uliketi Boise, na Abigail Scott Duniway, mpiganiaji wa haki za wanawake kutoka Oregon, aliwaendea wajumbe kuwaombea wanawake kura. Wajumbe hawakukubali. Idaho ikawa jimbo tarehe 3 Julai 1890. Wiki moja baadaye, tarehe 10 Julai, jirani yake Wyoming akafuata, akiwa na wanawake waliokuwa na haki ya kupiga kura tangu 1869. Wanawake wa Idaho walingoja hadi mwaka wa 1896.

Ukweli huu unabadilisha namna ya kuutazama ushindi wa mwisho. Sheria inaingia, genge linavunjika, na barakoa haina kazi tena. Kwa mantiki ya kisa huo ni mwisho mwema. Kwa mantiki ya historia, Barbara akivua kitambaa anarudi kuwa mtu ambaye katiba mpya haimhesabu kuwa mpiga kura, na wajumbe waliomnyima walifikiri kama Hammond ingawa hawakuwa majambazi. Hilo halikuniharibia starehe. Lilinifanya nicheke mahali pengine: si pale tu genge linapokosea, bali pia pale raia wema wanaposhangilia.

Linda Stirling hakukaa sana katika sinema. Baada ya kuiacha kazi hiyo alirudi masomoni, kisha akafundisha Kiingereza na drama katika chuo cha Glendale, California, kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki mwaka wa 1997. Wakati huo filamu zake za zamani zilikuwa zimekwisha kupata watazamaji wapya kupitia televisheni na kanda za video, na baadhi yao waliijua tarehe ya kila sehemu kuliko alivyoijua yeye.