Utabiri Si Unabii: Dhoruba za Pwani Yetu na Imani Yetu

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019, siku nne tu baada ya Pasaka, mji wa Mtwara ulikuwa umesimama. Wataalamu wa hali ya hewa, TMA, walikuwa wametangaza kwamba kimbunga Kenneth kinakuja kutoka upande wa Komoro kuelekea pwani ya kusini. Shule zilifungwa, wafanyakazi waliambiwa wabaki nyumbani, na watu wa mabondeni na ufukweni waliagizwa wahamie mahali salama. Kimbunga kikatua kweli, lakini kusini ya mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kwetu madhara yakawa madogo mno. Ndipo wengine wakaanza kusema: "Hawa wametudanganya."

Shutuma hiyo inastahili kupimwa, kwa sababu mtu akishaamini kwamba alidanganywa, onyo linalofuata hatalisikia.

Tutazame nyuma kidogo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi. Miaka 80 baadaye, tarehe 15 Aprili 1952, kingine kilitua Lindi na kuua watu 34. Vyote hivi, pamoja na Kenneth, vilikuja Aprili, wakati kaskazi inapoachia na kusi haijashika. Wazee wetu wavuvi waliyajua majira hayo ya maleleji na walikuwa na hadhari nayo. Lakini jicho la mvuvi haliwezi kuona dhoruba iliyo mamia ya kilomita baharini. Mwaka 1872 hata waya wa simu ulikuwa haujafika Zanzibar. Ulifika mwaka 1879. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa na Wamarekani mwaka 1960. Kwa hiyo onyo tulilopata mwaka 2019, siku kabla ya upepo kufika, ni kitu ambacho watu wa Lindi wa mwaka 1952 hawakuwa na njia ya kukipata kwa namna hiyo.

Tatizo jingine liko kwenye neno lenyewe. Kiswahili chetu kinatumia "kutabiri" kwa nabii Ezekieli na pia kwa mtaalamu anayesoma taarifa ya hali ya hewa redioni. Tukisikia neno moja, tunatumia kipimo kimoja: kile cha Kumbukumbu la Torati 18, kwamba nabii ambaye neno lake halikutimia hakutumwa na Bwana. Kwa kipimo hicho TMA ni manabii wa uongo kila wiki.

Mtu aliyeanzisha kazi hii huko Uingereza aliiona hatari hiyo mapema. Robert FitzRoy, baharia na Mkristo aliyeishika sana Biblia, alianza kutoa maonyo ya dhoruba kwa mabaharia mwaka 1861, baada ya meli Royal Charter kuzama mwaka 1859 na kuua watu zaidi ya 400. Yeye alisisitiza kwamba kauli zake si unabii, bali ni makadirio yanayotokana na vipimo na hesabu. Hata hivyo alidhihakiwa kila alipokosea. Baada ya kifo chake maonyo yalisimamishwa, na yakarudishwa baada ya watu wa baharini wenyewe kuyadai. Waliokuwa na roho zao majini walijua kwamba makadirio yanayokosea mara nyingine ni bora kuliko ukimya.

Hata mvua ya kila siku ina mipaka hiyo. Msimu wetu huanza Novemba hadi Aprili, nao unaweza kukadiriwa mapema kwa jumla. Lakini wingu la ngurumo hujijenga kwa joto la mchana, likanyesha na kwisha kwa muda wa saa moja hivi, juu ya eneo dogo. Ndiyo maana taarifa husema "maeneo machache". Mikindani inaweza kulowa na Msimbati pakawa pakavu, na mtabiri hakukosea. Mkulima aliyeanika korosho anapaswa kulisikia neno hilo kama lilivyo: funika, maana huenda ikawa ni kwako.

Sasa turudi kwa Kenneth. Yona alikasirika kwa sababu onyo alilolipeleka Ninawi halikutimia. Alitaka aonekane mkweli kuliko mji upone. Tunaponung'unika kwamba tulihama bure, hasira yetu inafanana na yake. Lakini tusivuke mpaka na kusema tuliokolewa kwa sababu ya wema wetu. Ng'ambo ya Ruvuma walikufa watu wapatao 40, na wengi huko ni ndugu zetu Wamakonde. Yesu alipopashwa habari ya maafa, akawakumbusha ule mnara wa Siloamu: walioangukiwa hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Kupona kwetu hakukuwa tuzo. Kulikuwa neema, na neema hudai shukrani na huruma kwa aliyepigwa.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja, nacho TMA waliwahi kukitangaza. Kilifika karibu na Mafia kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua zake zilikata barabara ya kusini wilayani Kilwa, tukatengwa na Dar es Salaam. Aliyepuuza kwa sababu ya Kenneth alipata hasara.

Katika Matendo 27 Paulo aliwaonya kuhusu safari. Akida akamsikiliza nahodha, na upepo mwanana wa kusini ukawahadaa wote. Meli ikapotea, ingawa Mungu aliwahifadhi watu. Basi washarika, onyo likitolewa, lisomwe na kwenye matangazo ya ibada. Tuombe, kisha tuvute mitumbwi juu, tumhamishe mjane wa bondeni. Na dhoruba ikipita pembeni, tumshukuru Mungu bila kumwita mwonyaji mwongo, kisha tuulize: imewaangukia akina nani, nasi tutawapelekea nini?