Wachuuzi wa Peckham: Udugu na Biashara ya Mtaani katika Runinga ya Uingereza, 1981–2003

Tarehe 8 Septemba 1981, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kurusha Only Fools and Horses, mfululizo wa vichekesho ulioandikwa na John Sullivan, mzaliwa wa London kusini ambaye kabla ya kupata nafasi ya uandishi aliajiriwa katika shirika hilohilo kushughulikia mandhari za studio. Jina lilitokana na usemi wa mitaani kwamba kazi ni ya wajinga na farasi, nao wahusika wakuu waliuishi usemi huo: Derek Trotter, maarufu kama Del Boy, na mdogo wake Rodney walichuuza katika mtaa wa Peckham bidhaa ambazo asili yake haikuulizwa, mara nyingi kutoka ndani ya sanduku lililofungwa upesi polisi alipoonekana.

Uchuuzi huo ulikuwa na mazingira yake. Mapema mwaka 1982 idadi ya wasio na ajira nchini ilipita milioni 3, huku serikali ya Margaret Thatcher ikisifu ujasiriamali, na Del aliitikia sifa hizo kwa namna ya mtu asiye na mtaji: hakulipa kodi, hakupokea posho ya serikali, na kampuni yake nzima ilienea katika gari la njano lenye magurudumu matatu. Makazi yao yalikuwa fleti ya baraza la mtaa katika jengo lililopewa jina la Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado gerezani.

Hata hivyo, uzito wa kazi hii umo katika udugu zaidi kuliko katika biashara. Mama yao alikuwa amefariki na baba amewatoroka, hivyo Del, akiwa bado kijana, alimlea Rodney kama mwanawe, na malezi hayo yakawa deni lisilolipika ambalo kaka alilitumia kila alipotaka kumtuliza mdogo mtu, akidai kuwa marehemu mama, akiwa kitandani pa mauti, alisema maneno yaleyale yaliyomfaa Del wakati huo. David Jason na Nicholas Lyndhurst waliigiza uhusiano huo kwa ustadi uliomfanya mtazamaji acheke ulaghai wa Del bila kusahau kujinyima kwake.

Desemba 1984 Lennard Pearce, aliyeigiza babu yao, alifariki wakati msimu wa nne ukirekodiwa. Badala ya kutafuta mwigizaji mwingine wa nafasi hiyo, Sullivan aliandika mazishi ya babu, yakarushwa mwaka 1985, ambamo Rodney anaghadhibishwa na furaha ya kaka yake hadi Del anapokiri kwamba hajui namna ya kuomboleza. Hapo ndipo ulipodhihirika ujasiri mkubwa kabisa wa mwandishi huyu, kwa kuwa aliamini kwamba hadhira iliyokuja kucheka ingekubali pia kuomboleza. Nafasi ya mzee nyumbani ilichukuliwa na Albert, baharia mstaafu aliyeigizwa na Buster Merryfield.

Tarehe 29 Desemba 1996 watazamaji milioni 24.3 waliona saa ya kale, iliyotelekezwa kwa miaka mingi katika banda la akina Trotter, ikinadiwa kwa pauni milioni 6.2. Kwa utajiri huo hadithi ilikuwa imefika mwisho uliokamilika, lakini vipindi vitatu zaidi vilifuata kati ya 2001 na 2003, ambamo akina Trotter wanafilisika na kurudi Peckham kuchuuza upya.