Rolex: Mlo wa mayai na mboga uliovuka mpaka wa Busia na Malaba

MIONGONI mwa vitu vilivyovuka mpaka wa Kenya na Uganda bila kuulizwa pasipoti ni rolex, mlo wa mayai na mboga unaoviringishwa ndani ya chapati. Katika miji ya Busia na Malaba, mlo huu ni kimbilio la madereva wa malori, wahudumu wa bodaboda na wasafiri. Hata hivyo, si lazima uliwe kando ya barabara. Chapati zikiwa tayari, waweza kuandaliwa nyumbani kwa muda usiozidi nusu saa.

Asili yake

Jina hili halihusiani na saa za Uswisi ila kwa mzaha. Ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, yakitamkwa upesi. Mlo wenyewe huhusishwa na wauza chapati wa Wandegeya, jijini Kampala, ambao wateja wao wakubwa walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Viungo vyake vimetoka mbali zaidi. Chapati ni urithi wa Wahindi. Nyanya na pilipili, kwa upande mwingine, ni mimea ya Amerika iliyolimwa Mexico kabla ya Wazungu kufika huko, kisha ikasambazwa duniani na mabaharia wa Ureno na Uhispania. Si ajabu basi kwamba Wamexico nao wana mlo unaofanana na huu, huevos a la mexicana, ambamo mayai hukaangwa pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili mbichi: nyekundu, nyeupe na kijani, rangi za bendera yao.

Namna ya kupika

Kwa watu wawili, yahitajika mayai 4, chapati 2, kitunguu 1, nyanya 2, nusu ya pilipili hoho, kabichi kidogo iliyokatwa nyembamba, pilipili mbichi 1, dhania, chumvi na vijiko 2 vya mafuta.

Nyanya zitolewe mbegu ili mayai yasijae maji. Mboga zote zikatwe vipande vidogo, kisha zikaangwe kwa dakika 3 na kugawanywa mafungu mawili. Mayai 2 yapigwe pamoja na chumvi na fungu moja la mboga, yamiminwe kwenye kikaango na kutandazwa. Upande wa chini ukishikana, yageuzwe. Yakiiva pande zote, chapati iwekwe juu, vyote vipinduliwe pamoja na kuviringishwa. Fungu la pili lipikwe vivyo hivyo.

Chapati zikikosekana, viazi vitamu, ambavyo hulimwa kwa wingi Busia, vyaweza kuchukua nafasi yake. Vichemshwe, vikatwe vipande vidogo na kukaangwa hadi viwe vya kahawia, ndipo mboga na mayai viongezwe.

Mayai ya mpakani

Mayai ndiyo kiini cha lishe hii, kwani yai moja lina takriban gramu 6 za protini. Mayai ya Uganda yamekuwa yakiuzwa kwa bei nafuu kwa muda mrefu, jambo linalowafaa wanunuzi lakini linalowakera wafugaji wa Kenya.

Utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwarahisishia ushuru wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, lakini hauondoi kanuni za afya ya mifugo. Mnamo Januari 2017, mafua ya ndege yalipothibitishwa nchini Uganda, Kenya ilipiga marufuku kuku na mazao yao kutoka nchi hiyo. Hivyo basi, anayevusha mayai kwa njia za panya hakwepi ushuru pekee. Anakwepa pia ukaguzi unaomlinda mlaji.

Jikoni nako kuna wajibu. Yai bichi laweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaosababisha kuhara na homa, hasa kwa watoto, wazee na wajawazito. Lililopasuka njiani lisinunuliwe hata bei ikipunguzwa. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika mayai mabichi, nayo mayai yapikwe hadi ute na kiini vigande. Muuzaji mwenye foleni ndefu ya wateja huenda akashawishika kuharakisha hatua hiyo, lakini mpishi wa nyumbani hana sababu ya kufanya hivyo.