Methadoni ilivyofika Tanzania

Heroini ilianza kuonekana katika miji ya pwani yetu miaka ya 1980, ikitokea Asia. Ilikuwa ya kahawia, na watumiaji waliivuta, wengi wakiichanganya na bangi au tumbaku. Kuelekea mwaka 2000 ikaingia nyeupe, ambayo huyeyuka upesi kwenye maji, na bomba la sindano likaanza kuzunguka katika maskani za Dar es Salaam. Wapo wanaosema watu walihamia sindano kwa sababu ya bei, kwa kuwa anayejidunga hutosheka na unga kidogo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haielezi kwa nini mabadiliko yalikuja wakati ule. Aina ya unga inaeleza.

Sindano zikaeneza VVU. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake wa Dar es Salaam waliokosa fedha za kete ya unga, wakajidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakitumaini itatuliza arosto, yaani mateso ya kukosa unga.

Tiba ya uraibu wa heroini ilikuwapo zamani. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1965 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha huko New York kwamba dozi ya kila siku humwezesha mraibu kuishi bila heroini. Heroini huisha nguvu baada ya saa chache; methadoni hushikilia siku nzima, bila kumpandisha na kumshusha.

Kwetu ilisubiri hadi Februari 2011, ilipoanza kutolewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa msaada wa fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI. Kwa maoni yangu, hofu ya VVU ndiyo iliyofungua mlango. Mateja walikuwa wamehurumiwa miaka mingi bila kupewa dawa. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Zanzibar, na baadaye mikoa mingine, Mwanza ikiwamo.

Utaratibu ni mkali. Mgonjwa hufika dirishani, hutambuliwa, hunywa dawa ya maji mbele ya mhudumu, kisha huzungumzishwa ili ihakikishwe kwamba ameimeza. Kesho hurudi. Kwa hiyo umbali nao huamua nani atibiwe: vituo vilifuata bandari na miji mikubwa, kulikokuwa na unga mwingi, na mtu wa Ipililo, Simiyu, hawezi kwenda Mwanza na kurudi kila siku. Akitaka dozi ya huko, itambidi kwanza apate ndugu wa kumpokea mjini.