Pegasus Ipi? Wajina Katika Historia ya Manowari

Katika familia nyingi za Wakikuyu hapa Thika na Ruiru, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Ndiyo maana ukiita "Kamau!" kwenye mkutano wa ukoo, huenda wakageuka watatu. Kiswahili kinawaita wajina, yaani watu wanaotumia jina moja. Kuwatenganisha ni rahisi: unauliza, "Kamau wa nani?"

Manowari za Uingereza nazo zina wajina. Neno manowari lenyewe tulilitohoa kutoka Kiingereza, man-of-war. Meli ikizama au ikiuzwa ikawe chuma chakavu, jina lake huwekwa akiba hadi lipewe nyingine. Hapo ndipo msomaji wa historia hupotea.

Chukua mfano wa wanafunzi wetu wanaozuru Fort Jesus, Mombasa, na kuonyeshwa mzinga wa HMS Pegasus. Wakitafuta jina hilo kwenye simu, wataletewa meli kadhaa. Pegasus ya mzinga ule ilishushwa majini 1897. Tarehe 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga Unguja, mitambo yake ikitengenezwa, ilipovamiwa na manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikazama. Mabaharia waliouawa walizikwa kwenye kisiwa cha Chapwani.

Mwaka 1917 jina likapewa meli ya kubebea ndege, iliyouzwa 1931. Kisha 1934 wakuu wa jeshi la majini wakalitaka jina Ark Royal kwa ajili ya meli mpya. Ark Royal iliyokuwapo ikavuliwa jina lake, ikaitwa Pegasus! Ajabu ni kwamba Ark Royal mpya ilizama Novemba 1941, ilhali ile kongwe iliyobatizwa upya iliviona Vita vya Pili vya Dunia vikiisha.

Basi, anayeandika "Pegasus ilinusurika vita" hajakosea, ila asipotaja mwaka, msomaji wa Afrika Mashariki atashangaa makaburi ya Chapwani ni ya nani. Kwa meli, mwaka wa kushushwa majini hufanya kazi ya jina la baba. Tuandike "Pegasus ya 1897", tusiishie kwenye "Pegasus" tu. Na tukikuta jina hilo tupu kitabuni, tuulize kama tunavyouliza kwenye ukoo: ipi hiyo?